Namba Chini ya Rangi

Gereji aliyofanyia kazi haikuwa na paa upande wa nyuma, na huko nyuma ndiko walikomweka, kwa sababu fundi wa kupaka rangi ni jirani mbaya: thina anayoyeyushia huumiza watu vichwa, na vumbi la watu huharibu kazi yake. Walimwita Koti Tatu. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi za serikali, na mdomoni mwa mkewe siku akikasirika. Hakuwahi kukabidhi gari lililopakwa pungufu ya koti tatu za rangi, hata mwenye gari akilia kwamba ana haraka, hata akiapa kwamba analiuza kesho asubuhi. "Na huyo atakayelinunua nitamtazamaje usoni?" ndilo lilikuwa jibu lake. Mafundi wenzake walisema siku akifa atagonga jeneza kutoka ndani, aulize ni nani kalipaka mara moja tu.

Kila alipomaliza kazi alifumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Jicho hudanganywa na mwanga, alisema, kiganja hakidanganyiki. Pale penye kibonyeo au kinundu, hata kidogo kama chembe ya mchele, kiganja kilisimama chenyewe. Hapo ililetwa puti ya kujazia, ukaletwa msasa na maji, na hakupata usingizi mzuri mpaka paliposawazika.

Nyumbani kulikuwa na pikipiki.

Ilikaa katika chumba cha uani kilichokuwa cha mtoto wao wa pekee. Ilikuwa ya zamani hata siku kijana alipoinunua mnadani, ya aina ambayo viwanda vilishaacha kuitengeneza, yenye tangi la duara kama tumbo la mtungi na mngurumo wa mzee anayesafisha koo. Kijana aliipenda kuliko chakula. Siku alipooa alimpakia mkewe juu yake, gauni limekusanywa magotini, na baba yake akawafuata kwa miguu huku akipiga kelele kwamba viatu vya bibi harusi vinachubua rangi. Kisha kazi zikakauka. Kijana akasikia kuna kambi ya barabara ng'ambo ya mpaka inayotafuta mikono, akaondoka alfajiri moja na begi la mgongoni. Kadi ya pikipiki ilikuwa kwenye pochi yake pamoja na kitambulisho, kwa sababu hapo ndipo ilipokaa siku zote. Mtu anayekwenda kwa miezi michache hana haja ya kupunguza vitu kwenye pochi.

Aliyemwona mwisho ni mama yake. Baba alikuwa amelala fofofo, na mke wa kijana, ambaye ni mkunga, alikuwa zamu ya usiku hospitalini. Mama alimfungulia lango, naye akamwekea ufunguo wa pikipiki kiganjani. "Nitunzie, mama. Narudi." Akaufunga kwenye pindo la kanga. Tangu hapo, kila alipobadili kanga, ufunguo ulihama fundo.

Mwanzoni habari zilikuja kwa vinywa vya madereva wa malori: mzima, anawasalimu, amepata kazi ya kuendesha mtambo. Baadaye kukawa na simu, na simu ikaita, kisha ikawa haiiti. Koti Tatu alifunga safari kumtafuta. Alikuta kambi imehama, mahali pake pamebaki mashimo ya nguzo na mbwa mmoja. Mtu mmoja akamwambia vijana wengi waliingia machimboni, nchi nyingine tena, na kwamba kule ardhi iliporomoka. Mwingine akamwambia la, wale walikuwa wengine. Akarudi na viatu vilivyokatika, akamwambia mkewe kwamba hakupata jibu. Ilikuwa kweli, nao wakaishi ndani ya ukweli huo.

Mwezi ambao kijana aliondoka ulipozunguka mara ya kwanza, Koti Tatu aliingia chumba cha uani na kukuta kutu imeamka kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, pale pale kiwanda kilipochonga namba ya chesisi. Ilikuwa imejaa ndani ya tarakimu kama ukoko. Kila mpaka rangi anajua kwamba namba ya chesisi haiguswi; kwenye magari ya wateja yeye huiziba kwa utepe wa karatasi kabla hata hajafungua kopo. Lakini hili halikuwa gari la mteja. Hiki kilikuwa chombo cha mwanawe, na mwanawe atarudi, na kutu ikishaonja namba itakula fremu, na ikishaonja fremu haitabakiza kitu. Akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Akajaza puti, akasawazisha, akafumba macho na kupitisha kiganja. Pakawa laini kama yai. Juu yake akapuliza koti tatu za kijani kilichobaki kwenye gari la wagonjwa.

Mwaka uliofuata alirudia, na uliofuata. Rangi ilitokana na bahati ya kazini: buluu ya lori la maji, krimu ya bwana mmoja aliyeikataa rangi aliyoichagua mwenyewe, kijivu, nyeusi ya magari ya wakubwa. Mkewe aliketi kizingitini kwenye kigoda na kutoa hukumu. Mama huyo alizoea kumwita mwanawe "baba", kwa kuwa kijana alirithi jina la babu yake mzaa mama.

"Baba hapendi krimu," alisema mwaka ule.

"Akirudi aje aseme mwenyewe," mumewe alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo, kama watu wanaomsema mtu aliyeko chumba cha pili.

Mkamwana hakucheka wala hakukataza. Aliendelea kuishi nao, ingawa ndugu zake walikwisha kumwambia, kwanza kwa mafumbo na kisha waziwazi, kwamba ujana ni maji ya mtungi uliotoboka. Hakuzaa na mumewe. Kilichomfunga pale hakikuwa mtoto wala cheti. Alifua nguo za wakwe zake, akapima presha ya mama mkwe, akaenda kazini na kurudi. Watu wa mtaani walimsifu mbele yake na kumhurumia akishapita.

Siku moja, wakila chakula cha jioni, alisema bila kuinua macho kwamba amepangiwa kituo cha afya kule mwisho wa barabara, milimani, ambako mkunga wa awali amestaafu. Kituo hakina gari. Wanawake wa kule hujifungua vijiji vya mbali na kituo, na mkunga asiyeweza kuwafikia ni kama hayupo. Walitaka mtu mwenye usafiri wake. Asipokuwa nao, nafasi atapewa mwingine, naye atabaki zamu ya usiku wodini mpaka nywele ziwe nyeupe. Alikula matonge mawili ndipo akaongeza, "Nilikuwa nafikiria ile pikipiki, baba. Kama si vibaya."

Koti Tatu alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshika pindo la kanga.

"Si vibaya," alisema mama mkwe. "Ni ya mumeo. Akirudi ataikuta na wewe."

Fundi pikipiki wa gereji, mtu wa utani ambaye hakuna aliyemwona akiwa msafi, alikuja kuifufua. Alifungua, akasafisha, akabadilisha waya na mipira, akafunga swichi ya muda kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuomba ufunguo ulioko kwenye kanga, akasema injini ni nzima kuliko mwenyewe. Alipoona rangi aliguna. "Mzee Koti, hii pikipiki imevaa masweta. Ikianguka haiumii." Ilipowaka, mama alikuwa jikoni. Aliacha alichokuwa anafanya, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, na sura yake ikawafanya wanaume wale wawili waizime haraka.

Barabara ya milimani ilikuwa na kizuizi cha polisi, na chombo kisicho na kadi ya usajili hakikupita. Vya namna hiyo vilishushwa pembeni, na baadaye vikaenda kwa wakata vyuma. Kwa hiyo Koti Tatu aliisukuma kwa mkono mpaka uwanja wa ukaguzi, maana hata kuipanda bila kadi kwenda kuiombea nyingine lilikuwa kosa. Mkamwana alisukuma kutoka nyuma. Njiani watu waliwauliza kama mafuta yamekwisha.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipima breki, akawasha taa, akapiga honi akatabasamu. Kisha akainama na tochi kwenye shingo ya fremu, na tabasamu likaondoka. Aliuliza namba iko wapi. Koti Tatu akasema ipo, chini ya rangi. Mkaguzi akapitisha kidole mahali pale laini, akarudisha, akapitisha tena.

"Mzee, nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu. Sijaona mtu anayepiga puti juu ya namba ambaye si mwizi."

"Mimi si mwizi," Koti Tatu alisema. "Mimi ni baba yake."

Mkaguzi hakuelewa. Lakini kulikuwa na kitu katika namna mkamwana alivyogeuka kutazama ukuta. Akarudi kwenye injini, ambayo haikuwahi kupakwa rangi, akaisoma namba yake tarakimu kwa tarakimu, akaingia ofisini nao wakamfuata. Mashine yake ilifikiri. Kisha akasoma kwa sauti jina la mmiliki, majina yote matatu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ilikuwa zamani sana tangu Koti Tatu alipolisikia jina hilo lote kwa kinywa cha mtu asiyemjua. Nusura aitikie.

"Huyu ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Basi hakuna shida. Aje mwenyewe."

"Amesafiri."

"Akirudi mje naye."

"Hata sisi ndivyo tunavyosema," alisema Koti Tatu.

Mkaguzi alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Aliwavutia benchi, akawaeleza taratibu, kama anavyoeleza daktari. Mambo ni mawili. La kwanza ni namba: Koti Tatu aitoe rangi ile kwa mkono wake, kwa thina na kikwaruzo, asitumie mashine, kisha wairudishe, namba ikisomeka na kukubaliana na ya injini, vizuri, na isiposomeka ofisi itagonga mpya. La pili ni mwenyewe. Kadi ikipotea hutolewa nyingine, lakini hutolewa kwa mmiliki. Asipokuwapo mmiliki, sheria inataka ama yeye, ama kifo chake. Na kwa mtu aliyepotea muda mrefu namna hiyo bila hata salamu, ndugu huenda mbele ya hakimu, na yule aliyemwona mwisho anakula kiapo. Hakimu akiridhika, chombo kinakwenda kwa mjane.

Alilitamka neno hilo akimtazama mkamwana kwa upole, na mkamwana akatazama nyuma yake, kana kwamba kuna mwanamke mwingine ameingia.

Waliisukuma kurudi. Walipokaribia nyumbani mkamwana akasema kwamba jambo la pili wasimwambie mama. Koti Tatu akasema hata yeye ndivyo alivyofikiri.

Lakini yeye hakuwa na ustadi wa kuficha. Mkewe alimwona akipaka mlango wa choo, ambao haukuhitaji, kisha fremu ya dirisha, kisha kigoda. Alimwacha. Jioni moja, jua likiwa bado lipo uani, aliitoa pikipiki nje, akatandika gunia chini ya shingo yake, akaanza kukwaruza. Mkewe alileta kigoda kilichopakwa upya, akakigusa kama kimekauka, akaketi.

Nyeusi ilitoka kwanza, vipande vipana vilivyojikunja kama maganda. Chini yake kijivu. Koti Tatu alifanya kazi bila haraka, thina kwenye kitambaa, kikwaruzo kikiinama, na kila rangi ilipochungulia mkewe aliitaja kama anayekutana na mtu wa zamani. Kijivu ni mwaka paa lilipovuja. Krimu ni mwaka uliokwenda kumtafuta ukarudi na viatu vile. Hii buluu sikuipenda, lakini nilikuwa mgonjwa, sikuwa na nguvu za kubishana. Kijani hakukitaja, maana kilikuwa cha mwaka wa kwanza, na mwaka ule alipika chakula cha ziada kila siku.

Chini ya kijani kulikuwa na puti, na puti ilipotoka kulikuwa na chuma. Koti Tatu alikifuta, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Mwanzoni aliona herufi moja, kisha kitu kilichoweza kuwa nane au tatu. Baada ya hapo palikuwa laini. Alifumba macho na kupitisha kiganja, kisha ncha ya kidole, kisha ukucha. Hapakuwa na kitu. Ule msasa wa mwaka wa kwanza, aliousugua kwa uchungu wote ili kutu isile namba, ulikuwa umeila namba yenyewe.

"Nimeifuta mimi," alisema. "Kutu isingeifuta hivi."

 Mkewe aliokota ganda moja la rangi, akaligeuza: nyeusi upande mmoja, kijani upande wa pili, na katikati, kwenye ukingo, mistari myembamba ya miaka yote.

"Na mkaguzi kasema nini kingine?" aliuliza. "Usinitazame hivyo. Mwanamume hapaki mlango wa choo bila sababu."

Basi akamwambia. Alimwambia akitazama kikwaruzo, na alipofika kwenye neno lenyewe alilizunguka, akasema sheria inataka tuseme hayupo. Mkewe akasema hayupo ni jambo ambalo kila mtu analiona, sheria haiwezi kuhitaji kiapo kwa hilo. Ikabidi aliseme sawasawa.

Mkamwana alikuwa jikoni, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Alitoka akifuta mikono. Alisema mama, basi, tuache. Kituo atapewa mwingine. Wodini hakuna ubaya, amezoea. Pikipiki irudi chumbani kwake. Alisema hayo haraka haraka kama mtu anayeziba bomba lililopasuka. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaleta ufagio na kopo tupu la maziwa ya unga. Akayafagia yale maganda ya rangi, na yaliyoanguka nje ya gunia akayaokota moja moja kwenye mchanga. Akafunika kopo. Akaingia nalo ndani.

Zikafuata siku ambazo nyumba ile iliishi kwa kunong'ona. Mama hakuwa amekasirika. Alipika, aliitika, aliuliza habari za kazini. Lakini chakula cha ziada, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimepungua mpaka kikawa kijiko tu kinachobaki chini ya sufuria, kilirudi. Koti Tatu aliiona sufuria. Gerejini alirudia mlango mmoja wa gari mpaka mwenye gari akaja kulia. Fundi pikipiki alimtania mara moja, akaona utani haujaingia, akamletea chai.

Kisha asubuhi moja Koti Tatu alitoka bafuni na kumkuta mkewe amesimama langoni, amevaa kanga mpya na viatu vya safari. Mkamwana alikuwa ametoka zamu, bado na sare yake. Mama akasema twendeni, jua lisije kuwa kali.

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo, na pangaboi lilizunguka bila kuleta upepo. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo aliyewaomba wakae na kuwaomba radhi kwa viti. Aliuliza maswali ya kawaida: jina, umri, aliondoka lini, nani alitafuta, wapi, nani alijibu nini. Koti Tatu alijibu. Alitazama meza ya hakimu alipokuwa akijibu. Vanishi yake ilipakwa na mtu mwenye haraka, ikatiririka na kukaukia njiani kama chozi. Aliweka kidole juu ya tone hilo na kukiacha hapo.

Hakimu akauliza ni nani aliyemwona mwisho. Koti Tatu alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa amepanga kusema ni yeye. Uongo mdogo, nani angejua. Alifungua mdomo, lakini mkewe alikuwa amekwisha kusimama.

"Ni mimi."

"Kaa tu, mama. Alikuambia nini?"

Hakukaa. "Aliniambia narudi."

"Na leo wewe unaamini nini?"

Mama alifikiri. Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la kanga ukakuta fundo. "Naamini hakunidanganya," alisema. "Yule mtoto hakuwa mwongo. Kama angekuwa na miguu, angekuja kwa miguu."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ameelewa, lakini sheria haimruhusu kuandika alichoelewa. Inamtaka aandike alichoambiwa. Hawezi kumsemea mama. Mkamwana alisema, "Mama, mimi ni mkewe, acha niseme mimi."

"Wewe umebeba vya kutosha," mama mkwe alimwambia bila kugeuka. Kisha akamwambia hakimu: "Aliyemleta ni mimi. Hata wa kumsindikiza niwe mimi. Mwanangu amekufa. Andika."

Hakimu akaandika. Mlio wa kalamu ulisikika kuliko pangaboi.

Wakati wa kurudi, mama alitembea katikati yao. Hakulia barabarani. Alisema viatu vile vinambana.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Uwanja wa ukaguzi walikuwa na fundi wao, akaleta nyundo na patasi za tarakimu, akagonga namba mpya kwenye chuma kitupu. Kila pigo lilifanya taa ya mbele itetemeke. Mkaguzi alisimama kando na miwani yake kifuani. Pikipiki ikawa na jina la mkamwana, na namba ambayo mumewe hakuwahi kuijua. Kama angerudi leo na kadi yake kwenye pochi, akaiweka kando ya fremu, visingekubaliana.

"Hapa usipake tena, mzee," mkaguzi alisema akionyesha namba. "Nakuomba."

Koti Tatu akasema amesikia. Alimuuliza mkamwana anataka rangi gani, naye akajibu yoyote isiyoonyesha tope. Ilikuwa ya kahawia. Aliziba namba kwa utepe wa karatasi, kama ya mteja, akapuliza mara moja. Fundi pikipiki, aliyekuwa amekuja kukaza mnyororo, alingoja amwone akichanganya ya pili. Hakuchanganya. Akamtazama, akakohoa, akaendelea na spana yake, na habari hiyo hakuipeleka gerejini, ingawa ilikuwa tamu.

Asubuhi ya kuondoka, mama alijaribu kulifungua fundo la kanga na likakataa. Tangu siku ya hakimu hakulihamisha; lilikuwa limekazwa na kufuliwa na kukazwa tena. Alitumia kucha, akatumia meno. Mkamwana alisema tulikate, mama, lakini mama alitikisa kichwa na kuendelea, na walimngoja wote wawili wamesimama, mpaka fundo likalegea na ufunguo ukaanguka kiganjani mwake, mweusi, umeacha alama yake kwenye kitambaa. Akampa.

"Ukipata mtu mwema kule," alimwambia, "usije kuniomba ruhusa. Njoo naye tu nimwone."

Mkamwana alimkumbatia. Akafunga godoro lake dogo nyuma ya kiti, akawasha. Injini ikasafisha koo. Waliusikiliza mngurumo mpaka kwenye kona, na baada ya kona, na kwa muda fulani baada ya hapo waliendelea kusikiliza.

Mvua ilinyesha wiki ile. Ilipokatika, Koti Tatu alikwenda nyuma ya jiko kuangalia kama maji yamechimba msingi. Alipita rafu ya vyombo na kuona lile kopo la maziwa limeoshwa, limefudikizwa likauke. Nyuma ya jiko, karibu na ukuta, udongo ulikuwa umechimbuliwa na kurudishwa, na mvua ilikuwa imeusafisha juu, ikaacha vijipande vinang'aa kwenye tope: kijani, krimu, buluu.

Alichuchumaa. Akachota udongo kwa mikono yote miwili na kuvifunika, mpaka hakuna rangi iliyoonekana. Kisha, kwa mazoea, alifumba macho na kupitisha kiganja. Kilipanda, kikashuka. Kilikuwa kinundu kidogo, urefu wa mkono, na kiganja kilisimama juu yake chenyewe kama kilivyosimama siku zote, kikitaka kusawazisha.

Akakaa hivyo mpaka mkewe akamwita ndani. Akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akakiacha kilivyo.